Nyangumi ya Bosi

Tangu nirudi munanijia mumoja mumoja. Mama Zuena alikuja na maandazi akaondoka na nusu ya habari, Nyirahabimana wa Rugerero akapata nusu ingine, na juzi nikasikia sokoni kwamba nilimezwa na samaki nikatapikwa Ufaransa. Donc, basi, naandika mara moja, wote musome, na mwenye hasomi asomewe. Mi nilifika mupaka darasa la tatu kule Masisi, herufi zangu ni kubwa, mutanivumilia. Mambo ya visa na karatasi naruka. Delphine alishughulika nayo, mi nilikuwa natia kidole penye nilionyeshwa.

Gisenyi, mbele ya kutoka

Delphine munamujua, mutoto wa binti yangu Verediana. Verediana aliolewa Kindu na mwanaume mwenye sikumuona hata siku moja. Huyo mwanaume alikuwa anapiga simu kila siku ya Mungu: Mama, tuko wazima, Verediana anakusalimia. Verediana alikuwa kitandani miezi na miezi, na yeye anasema wazima. Nilipata habari ya kweli wakati walikuwa wamekwisha kumuzika. Nikaenda kumuchukua Delphine, alikuwa anaanza kutembea, nikamulea hapa nyumbani. Chanzo ya safari yote iko hapo, nawaambia mapema musitafute kingine. Sikukuwa tena na moyo wa kupeana musichana kwa mwanaume wa simu.

Delphine alienda kusoma uuguzi Ufaransa, kazi ikamupeleka Guadeloupe. Ni kisiwa ya Wafaransa, lakini iko mbali nao, upande wa Amerika, na watu wa huko wengi ni weusi kama sisi. Siku moja akanitumia sauti kwenye simu: Nyogokuru (ndivyo ananiitaka mi bibi yake), kuna kijana, anaitwa Ludovic, tunataka kuoana. Nikamuuliza anafanya kazi gani.

"Anapelekaka watu na boti kuona baleine à bosse," akasema.

Baleine sikuijua. Nikaenda kwa Mwalimu Kayumba, mwenye alifundisha hapa Gisenyi mupaka alipostaafu. Akanieleza kwamba baleine ni nyangumi, yule samaki wa Yona, mukubwa kupita nyumba, tena si samaki kabisa maana ananyonyesha mutoto wake. Neno la nyuma sikumuuliza. Hilo nililijua. Nani hapa mupakani hajui bosi? Donc nikaelewa hivi: huyu kijana anachunga nyangumi ya bosi.

Muone vile niliwaza. Baba yangu alikuwa na ngombe Mudende, na muchungaji wa kulipwa, jina yake Sebagabo. Kuchunga mali ya mwingine si aibu. Lakini muchungaji humujui kwa mudomo wake, maana kila jioni atakuambia ngombe ziko wazima. Ukitaka kumujua unapanda mwenyewe malishoni, bila kumuambia, unatazama kama ngombe inamukimbia ao inabaki karibu naye. Basi nikamujibu Delphine: sikatai na sikubali. Nitakuja kuona hizo nyangumi, na bosi wao, na huyu kijana penye anazichunga. Kisha nitasema neno langu.

Delphine akasema, "Nyogokuru, ukikataa sitaolewa naye. Lakini ukatae mutu mwenye umemuona."

Nikamuambia ndiyo maana naleta macho.

Siku ya kwenda ilipangwa na zile nyangumi zenyewe. Delphine alieleza kwamba zinatoka kwenye bahari ya baridi kuja kuzalia katika maji ya moto, zinaanza kufika mwezi wa kwanza, na zikiona watoto wamepata nguvu zinarudi. Hiyo ilinifaa, hata baba alikuwa anahamisha ngombe. Tukachagua mwezi wa pili, wakati maharage yangu ya Rugerero iko bado juu ya turubai, nikamuachia Nyirahabimana aanike.

Kwa bosi nikatafuta zawadi. Huendi kutazama mifugo ya mutu mikono mitupu. Nilinunua agaseke, kile kikapu chenye kifuniko cha ncha, nikakijaza sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwa letu. Mama Zuena aliponiona nafunga akashika kiuno.

"Mukecuru, bibi muzee, mutu anafuga nyangumi, we unamupelekea sambaza? Atasema unamucheka."

Nikamuambia mwenye ngombe hakatai maziwa ya jirani. Akasema haya, lakini akirudisha, nimuletee yeye.

Kigali

Mvua ilikuwa imenyesha na mulima ukateremuka juu ya barabara mbele ya kufika Musanze. Basi ikasimama, watu wakashuka, wanawake wakatokea na mahindi ya kuchemusha kama walikuwa wametungojea. Nilikaa juu ya jiwe pamoja na mwanaume mumoja jina yake Innocent, alikuwa anaenda kusikia hukumu ya shamba lake. Alinieleza kesi yote, mupaka wa shamba, mukaratusi wenye uling'olewa, ndugu yake mwenye alimugeuka. Nilimusikiliza. Kisha akaniuliza mi naenda wapi. Nikasema naenda ngambo ya bahari kuona nyangumi ya mutu. Akanitazama, akaangalia viatu vyangu, akasema "Mungu akusaidie, mama," na tulipopanda tena alikaa kiti kingine.

Katika ndege jirani yangu alikuwa muzee Alphonse wa Huye, anaenda kwa watoto wake. Alinifunga mukaba. Alinionyesha choo. Aliponiona nafunga mukate wa ndege ndani ya kitambaa akacheka, na baadaye nikamuona naye anafunga wake.

Paris

Sasa hapa ndipo nilipochelewa. Ndege ya kisiwani inatokea uwanja mwingine, ngambo ya muji, na nilikuwa na muda wa kutosha kama wangeniacha nipite. Lakini kijana mumoja mwenye kofia akanusa sanduku langu, akaniomba nifungue. Akafungua agaseke. Sambaza zikamutazama na macho yote. Akaniuliza ni nini na ni ya nani. Kifaransa yangu ni ile ya soko ya Goma, lakini swali nililielewa.

"C'est pour le boss," nikamuambia.

Akauliza bosi gani.

"Le boss ya baleine."

Akaita mwenzake. Mwenzake akaita mwanamuke mwenye nyota kwenye bega. Wote watatu wakainama juu ya sambaza, wanaongea pole pole. Sisemi kwamba walinitendea vibaya. Walinipa kiti, yule wa nyota akaniita madame kila mara. Lakini walichukua sambaza zote, wakasema haziruhusiwi, wakanirudishia agaseke tupu na kifuniko chake. Wakati nilifika uwanja wa pili, ndege yangu ilikuwa imekwenda, na Delphine akasema kwenye simu ningoje ingine, nisitoke mahali niko.

Nilikaa kwenye kiti cha chuma, baridi inapanda kutoka chini, nikaanza kuongea peke yangu. Nikasikia nyuma yangu: "Mama, we ni wa wapi?" Kumbe ni mwanamuke anasukuma kigari cha kufagilia, jina yake Faida, wa Kadutu, Bukavu. Alinihamisha akanikalisha penye joto inatokea ukutani. Akaniletea chai ndani ya kikombe cha karatasi, chai isiyo na maziwa wala tangawizi, lakini ilikuwa moto. Nilimueleza yote. Hakucheka mambo ya nyangumi. Alisema huku ameona watu wanasafirisha paka kwa ndege. Kilichomusumbua yeye ni agaseke.

"Utamupaje mutu kikapu tupu? Hiyo ni laana, mama. Ngoja."

Akaenda akarudi na biskuti, paketi ndogo ndogo zenye walimugawia kazini, akazipanga ndani mupaka kifuniko kikakaa vizuri. Nilitaka kumuachia kitambaa changu cha kichwa. Akakataa, akasema nikifika Bukavu nisalimie Kadutu. Tulikaa hapo kidogo, tukisema mambo ya kwetu, nani anauza nini siku hizi, kisha mutu akamuita kwa Kifaransa akasimama haraka.

Deshaies

Guadeloupe ilinipokea na joto kama nimefunguliwa sufuria usoni. Delphine alikuwa pale, amenenepa kidogo, anavaa suruali. Tulikumbatiana, sitaandika zaidi. Nyuma yake kijana murefu, mweusi, ngozi imekauka na jua, mikono yake mikubwa. Alinipa mikono miwili, akainama, akasema "Muraho", salamu yetu, vibaya vibaya, naona alikuwa amefundishwa njiani. Kisha akabeba sanduku akanyamaza. Ni mutu wa maneno kidogo. Hiyo sikuihesabu kuwa nzuri wala mbaya. Yule wa Kindu alikuwa na maneno mengi, lakini nimejua pia watu wanaonyamaza sababu wanaficha.

Walinipeleka kwa mama yake, katika muji mudogo wa pwani wenye unaitwa Deshaies. Mama Ludovic jina yake ni Eugénie, mujane kama mi, mwembamba, anatembea haraka. Anaongea krioli, ile Kifaransa yao yenye wamekata mifupa yote. Delphine alikuwa anatafsiri. Nyumba yake imejaa ndizi za kupika nyuma, nikaona mihogo, nikaona mboga ya malenge, nikasema moyoni hapa siwezi kufa.

Halafu akaleta chakula. Alikuwa amepika tangu asubuhi, nyama ndani ya supu ya manjano yenye kunukia vizuri, wali na maharage pembeni. Nikauliza ni nyama gani. Mbuzi.

Nyie wa rika langu munajua. Mi nimelelewa kwamba mwanamuke hali mbuzi, akikula anaota ndevu. Najua watoto wa leo wanakula na ndevu hazioti. Lakini mudomo wangu haujafungukia mbuzi hata siku moja, na sikutaka uanze ngambo ya bahari. Nikala wali. Nikala maharage. Nyama nikaiweka pembeni ya sahani, kwa heshima, nimeifunika na jani la saladi.

Mama Ludovic aliona. Akatoa sahani, akaenda jikoni, tukasikia anaosha vyombo kwa nguvu. Ludovic akamufuata. Delphine akaniambia kwa Kinyarwanda, uso umebadilika, "Nyogokuru, kwao mbuzi ni ya sherehe. Anadhani umekataa mutoto wake."

"Mi nimekataa mbuzi tu," nikasema. "Ya mutoto sijasema."

Delphine akaingia jikoni akaeleza. Kisha yule mama akarudi, akasimama mbele yangu, akajishika kidevu akakipapasa na vidole pole pole, kama mutu anayetafuta kitu amepoteza, akasema neno. Delphine akatafsiri: "Anasema amekula mbuzi tangu utoto, sasa utazame mwenyewe." Nikatazama. Kulikuwa na nywele mbili tatu. Nikamuonyesha, akacheka mupaka akakaa chini, nami nikacheka. Akanikaangia samaki.

Kwenye bandari ya boti

Siku zilizofuata upepo ulikataa. Kila asubuhi tulishuka bandarini, kila asubuhi Ludovic anatazama maji na kutikisa kichwa. Huko ndipo nilimuona bosi. Anaitwa Monsieur Christian, Muzungu munene mwenye kofia ya majani, boti ni yake. Nikasema sasa tuko mahali pake. Nikaleta agaseke, nikamupa kwa mikono miwili, nikamuambia kupitia Delphine kwamba natoka Gisenyi, nimekuja kuona mali yake, namutakia izae na izidi.

Akafungua akaona biskuti za Paris. Akashukuru sana, akala moja pale pale. Nikaona ni mutu mwenye adabu, basi nikaendelea kuuliza vile tunaulizaka mwenye mifugo. Amezirithi ao amezinunua? Zinamusumbua na magonjwa? Na huyu Ludovic, amemupa ngapi za kuchunga?

Delphine alianza kutafsiri, akasimama katikati. "Nyogokuru, mali gani?"

"Si nyangumi zake."

"Nani alikuambia ni zake?"

"Ni we. Baleine ya bosi."

Delphine aliweka mukono kwenye ukuta. Alicheka bila sauti, machozi inatoka, mupaka Monsieur Christian akaogopa akamuletea maji. Alipoweza kusema akaniambia: bosse, kwa Kifaransa, ni nundu. Nundu kama ya ngombe. Ni nyangumi yenye nundu mugongoni.

"Basi ni ya nani?" nikauliza.

"Si ya mutu. Hazina mwenyewe."

Wote walicheka siku ile, hata Mama Ludovic nyumbani, na Ludovic alicheka kwa mara ya kwanza mbele yangu, ana pengo pembeni. Nilicheka nao. Lakini baadaye nilikaa kwenye baraza nikawaza, na mawazo yangu hayakuwa mazuri. Muchungaji wa mali ya bosi, jioni bosi atahesabu. Huyu anashughulika na mali isiyo na mwenyewe. Akiikosea, nani atamuuliza? Anaweza kusema kila siku ziko wazima, na hakuna mutu duniani wa kumubishia. Nikamukumbuka wa Kindu. Nilikaribia kusema hapana siku ile, na Delphine aliona, maana alikuja akakaa karibu yangu.

Baharini

Upepo ukalala. Tulipanda boti watu kama wa harusi ndogo, wengi Wafaransa wageni. Wakanivalisha koti la rangi ya machungwa lenye hewa ndani, nikaonekana kama malenge. Karibu yangu alikaa mwanamuke wa makamu, jina yake Sylvie, ana kamera yenye shingo ndefu. Aliniambia, na Delphine akanisaidia, kwamba yeye na bwana yake walipanga safari hii miaka na miaka, bwana akafa mbele ya kuifanya, na hii ndiyo siku yake ya mwisho kisiwani. Alitaka picha moja tu, ya karibu.

Maji ya ziwa letu nayajua. Yale yalikuwa mengine. Boti ilikuwa inapanda na kushuka. Nilishika chuma nikaomba rozari.

Kwanza Ludovic alizima mota, akashusha mikro, ile ya kunasa sauti, katika maji na waya murefu. Tukasikia kwenye boksi. Mi nilifikiri ni mulango unalia, kisha nikafikiri ni ngombe inaita mutoto wake kutoka ngambo ya bonde, kisha ikawa kitu sijui. Delphine akasema ni madume, yanaimba. Ile sauti iliendelea bila kutujali.

Baadaye mutu akanyoosha kidole. Mbali, moshi wa maji ukapanda ukatawanyika. Halafu mugongo. Mweusi, unapita, unapita, hauishi, na nundu kweli iko pale, ndogo, imekaa nyuma. Na pembeni yake moshi mudogo. Mutoto.

Watu walisimama wote upande mumoja. Sylvie akainua kamera akasema mbali, ni mbali sana. Wengine wakasema vile vile. Wakamuambia Ludovic asogee. Monsieur Christian, mwenye alikuwa naye kwenye boti, akamuambia pia, kidogo tu, watu wamelipa. Mota ilikuwa imezimwa. Ludovic hakuiwasha. Akageuka akaongea nao, sauti yake ya kawaida. Delphine alinitafsiria neno kwa neno, kwa sikio.

"Mutoto amezaliwa juzi juzi. Tukienda karibu mama atamukimbiza, na yeye bado hana pumzi. Sitaenda."

Monsieur Christian akasema tena, sasa na uso mwekundu. Mutu mumoja nyuma akasema atadai pesa yake. Ningekuwa mi, ningewaambia uongo kidogo: tungojee, atakuja mwenyewe, mutamuona. Kila mutu angetulia. Ludovic hakusema hivyo. Akamutazama Sylvie, siyo bosi, akamuambia:

"Leo hautapata hiyo picha. Najua ni siku yako ya mwisho. Samahani."

Sylvie akaweka kamera juu ya magoti. Alilia kidogo, na alikuwa na kasirani. Ludovic akabaki amesimama pale pale, anapokea ile kasirani, hakukimbilia usukani wala hakujificha nyuma ya bosi. Nyangumi na mutoto wake zilikaa juu ya maji muda murefu, zinapumua, mukubwa, mudogo, mukubwa, mudogo. Hazikutukimbia. Kisha zikashuka.

Mi sikutazama nyangumi sana, nawaambia ukweli. Nilikuwa namutazama yeye.

Chumba cha Delphine

Kwetu familia ya musichana haiendi kulala kwa kijana mbele ya kuombwa. Mi nilikuwa nimekwisha kulala, kula na kukataa mbuzi. Kwa hiyo nilisema tuhamie kwenye chumba cha Delphine mwenyewe, na wao waje kuomba huko, angalau jambo moja liende sawa. Wakaja siku ya pili jioni, Mama Ludovic na gauni lake la kanisa, Ludovic na shati yenye pasi, wamebeba juisi na keki ya nazi. Nilikaa kwenye kiti kimoja chenye kilikuwapo, wao juu ya kitanda.

Nikawaambia karibuni, munatafuta nini? Mama Ludovic akasema wamekuja juu ya Delphine. Nikasema hapa hakuna musichana wa jina hilo, labda wamepotea nyumba. Munajua ndivyo inaanzaka. Lakini wao hawakujua. Mama Ludovic akamutazama Delphine mwenye alikuwa amesimama mbele yake na trei ya glasi, akanitazama mi, akamuuliza mutoto wake kwa sauti ya chini kama mi ni mugonjwa wa kichwa. Delphine alilazimika kueleza muchezo. Wakati alimaliza kueleza, muchezo ulikuwa umekufa.

Nikasema bon, tuuache. Wakauliza kwetu wanatoa nini. Nikasema ngombe, lakini ngombe haipandi ndege, na mi sina tena mutu wa kuichunga. Nikamuambia Ludovic asogee. Akashuka kitandani akachuchumaa mbele yangu. Nikamuomba Delphine atafsiri bila kupunguza.

"Mama yake huyu alikufa, na bwana yake alikuwa ananiambia muzima. Mi sikuombi kitu kingine. Siku Delphine akiwa mugonjwa, we mwenyewe utanipigia. Siku ile ile. Hata yeye akikukataza."

Ludovic akamutazama Delphine. Akauliza, "Hata akinikasirikia?"

"Hasa hapo."

Akafikiri. Mama yake akamugusa mugongo aseme, akamuacha. Mwisho akasema ndiyo, mara moja tu, hakuapa wala hakuweka mukono kwenye moyo. Nikachukua mukono wa Delphine nikauweka ndani ya wake. Nikasema nimemupeana. Mama Ludovic alilia, Delphine alilia, mi nilikunywa juisi, ilikuwa tamu sana.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi. Paris nilimutafuta Faida, nikaambiwa si siku yake ya kazi. Sanduku langu halikunuswa. Kigali mupaka hapa barabara ilikuwa imesafishwa, na maharage yangu nilikuta yamekauka vizuri, aksanti Nyirahabimana.

Munaniuliza wote swali moja, mukizunguka: sasa Delphine atarudi lini? Harudi. Atakuja kutembea, lakini nyumba yake iko kule. Nilimupeana kwa mudomo wangu, nikiwa na akili yangu yote, na jioni nyumba ni kubwa. Mama Zuena ananiambia nilikwenda kumuleta nikamuacha. Ndiyo.

Lakini kuna jambo hamulijui, na ndilo limenifanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita, nikiwa natenga maharage uani, simu ikalia, namba ya kule. Haikuwa Delphine. Ni Ludovic, na ni mara ya kwanza ananipigia bila yeye. Delphine alikuwa na homa, ile ya mbu ya kwao, walikuwa wamemulaza hospitali. Nyuma nilisikia sauti yake Delphine mwenyewe, dhaifu, na kasirani, anamuambia aache, Nyogokuru asisumbuliwe, atapona tu. Ludovic hakuacha. Alikuwa ameandika maneno mahali, anayasoma pole pole, kila moja linakwama kwenye meno.

"Nyogokuru. Delphine, mugonjwa. Hospitali. Damu, mubaya kidogo. Kesho, mi napiga tena."

Nikakaa juu ya gunia. Nikamuambia aksanti. Nafikiri alidhani sikuelewa, maana nani anashukuru habari kama hiyo, akarudia kwa sauti kubwa, "Mugonjwa. Delphine mugonjwa."

"Nimesikia, mwanangu," nikamuambia. "Aksanti."